Mistari Arobaini na Moja Isiyo na Mwenyewe

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Julai, saa tatu na robo asubuhi, tulimpoteza Esther Chepkoech, mchuma chai wa Silibwet, mama wa watoto watatu. Alikufa katika wodi ya wanawake, dakika chache baada ya kudungwa sindano ya penisilini, dawa ambayo mwili wake ulikuwa unaikataa tangu zamani. Hospitali ilijua kwamba inamkataa. Ilikuwa imeandikwa. Lakini Jumanne ya wiki hiyo mimi nilikuwa nimemfuta kwenye kompyuta.

Naanza hapo kwa sababu ninyi vijana mnaoingia kazi ya rekodi mtaambiwa mambo mazuri kunihusu. Siku ya kuniaga walisema sijapoteza jalada hata moja kwa miaka yote niliyofanya kazi. Ni kweli, majalada yote yapo. Hakuna aliyemtaja Esther, na mimi siku hiyo nilikula keki nikanyamaza. Leo sinyamazi. Jina la hospitali nitaliacha, maana kosa lilikuwa la mkono wangu.

Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne bila alama za kujivunia, nikaajiriwa kufagia chumba cha rekodi. Mkuu wa chumba alikuwa Mama Akinyi. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, naye akazaliwa hapa hapa kwenye nyumba za wafanyakazi. Kikipsigis, lugha yetu, alikijua kuliko baadhi ya wajukuu zetu. Alipoona nasoma majina kwenye majalada badala ya kupangusa vumbi, aliniuliza, "Leah, unajua kupanga namba?" Nikasema najua. Ufagio nikauacha mlangoni, sikuurudia.

Mimi pia ni Chepkoech, jina la msichana aliyezaliwa alfajiri. Akinyi nalo ni la aliyezaliwa asubuhi. Kila nilipochelewa kazini Mama Akinyi alisema, "Sasa wewe wa alfajiri unaingia saa mbili na nusu, na mimi wa asubuhi nimeshakunywa chai. Mama yako alidanganywa na jogoo."

Kanuni yake ilikuwa moja. Ukitoa jalada kwenye rafu, unaweka kadi nyekundu mahali pake, na kwenye kadi unaandika limeenda wapi na nani amelichukua. Wakati mmoja nilimpa daktari wa upasuaji jalada bila kuweka kadi, kwa sababu alikuwa na haraka na mimi nilimwogopa. Mama Akinyi alinifanya nilitafute siku nzima. Nililipata ofisini kwa daktari huyo huyo, chini ya kikombe chake. Alikuwa amelifanya sinia. Mpaka leo jalada hilo lina duara la chai juu ya jina la mgonjwa. Mama Akinyi alilitazama akasema, "Pengo kwenye rafu si kosa. Kosa ni pengo lisilosema kitu."

Kisha kompyuta ikaja. Fundi wake alikuwa Dennis, kijana mwenye adabu na vidole vyepesi. Alinionyesha kwamba ndani ya mashine hakuna majalada, kuna majedwali. Jedwali moja ni la wagonjwa, kila mtu na namba yake. Jedwali lingine ni la vipimo, lingine la siku za kliniki, na baadaye likaongezwa la dawa zinazowakataa watu. Hayo mengine hayabebi jina. Yanabeba namba ya mgonjwa tu, na kwa namba hiyo mashine inajua kipimo hiki ni cha nani. Mafundi wana jina la Kiingereza la namba hiyo. Mimi niliiita namba ya mwenyewe.

Halafu kuna kufuli. Ukiliweka, mashine inakataa kuandika kipimo cha mtu asiyekuwepo, na inakataa kumfuta mtu ambaye bado ana vipimo. Nililipenda kufuli hilo siku ya kwanza. Niliona ni kadi nyekundu ya Mama Akinyi, ila hii haimwogopi daktari.

Tatizo lilianza tulipoingiza rekodi za zamani. Kila Dennis alipojaribu, kufuli lilikataa, kwa sababu vipimo vingine viliingia kabla ya wenyewe. Akalizima. Alisema ni kwa siku chache, tukimaliza atalirudisha. Hilo ni jambo la kawaida na simlaumu. Ila mlijue hili: kwa mashine yetu, kufuli likizimwa kisha likawashwa tena, halirudi nyuma kukagua yaliyoingia likiwa limelala. Linaangalia yajayo tu. Na wiki hiyo ya Julai lilikuwa bado limezimwa, kila mtu akidhani mwenzake ameliwasha.

Nami nilikuwa nasafisha majina.

Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Mtoto anapewa jina la saa aliyozaliwa, kwa hiyo katika kijiji kimoja mna Chepkoech kumi, Chebet kumi na watano, na nusu yao ni Esther au Mercy. Tena mtu mmoja aliweza kuandikishwa mara mbili au tatu, kila akija na kadi mpya. Kazi yangu ilikuwa kutafuta walioandikwa mara mbili na kubaki na namba moja. Dennis alinitengenezea kitufe. Nikikibonyeza, vipimo na siku za kliniki zinahamia kwenye namba inayobaki, na namba ya zamani inafutwa. Jedwali la dawa zinazowakataa watu lilitengenezwa baadaye, kitufe hakikulijua. Kufuli lingekuwa macho lingenizuia kwa yule wa kwanza kabisa.

Jumanne kabla ya chai ya saa nne niliwakuta Esther Chepkoech wawili. Wa Silibwet wote, mwaka mmoja wa kuzaliwa, na namba ya simu ni ile ile. Nikajiambia, huyu ni mmoja. Nikabonyeza.

Walikuwa wawili. Walikuwa wameolewa na ndugu wawili, wanaishi boma moja, wanatumia simu moja inayokaa kwenye kabati la mama mkwe. Nyumbani hakuna aliyewachanganya hata siku moja. Huyu aliitwa Esther wa Joel, yule Esther wa Daudi. Kompyuta haikuwa na nafasi ya kuandika wa nani. Lakini mimi nimeolewa katika boma kama hilo, na simu ya pamoja nimeitumia miaka. Mgeni kutoka Nairobi angekosea, ningemwelewa. Mimi nilipaswa kujua.

Esther wa Daudi aliletwa Jumatano jioni, kifua kimembana, hawezi kusema sentensi nzima. Mumewe alikuwa kazini mbali. Aliyempokea alitafuta jina, akampata Esther Chepkoech mmoja tu wa Silibwet, akamfungua. Namba aliyofungua ilikuwa ya Esther wa Joel. Asubuhi yake muuguzi alisoma mahali palipoandikwa dawa zinazomkataa. Paliandikwa: hakuna.

Nilisikia kilio kutoka kwenye korido. Muuguzi alikuwa ameegemea ukuta anarudia neno moja, "Niliangalia. Niliangalia. Iliandika hakuna." Watu walikuwa wanampita. Daktari mkuu alikuwa ameshamwita ofisini, na kila mmoja alijua maana ya kuitwa.

Nilirudi kwenye mashine. Niliandika swali ambalo nilipaswa kuliandika kila siku kabla ya kubonyeza chochote. Kwa maneno ya kawaida linasema hivi: lete kila mstari wa jedwali la dawa zinazokataa watu, uuweke kando ya jedwali la wagonjwa, kisha unionyeshe ile ambayo namba yake ya mwenyewe haipo upande wa pili.

Ilileta mistari arobaini na moja.

Mama Akinyi alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akiingia. "Wa kwanza anasema nini?"

Nikamsomea. Penisilini. Alikaribia kufa wakati wa kujifungua.

Alienda stoo mwenyewe, kwa miguu yake mibovu, akarudi na jalada la marehemu wa asubuhi. Juu paliandikwa Esther Chepkoech, mke wa Daudi, Silibwet. Mhuri mwekundu wa penisilini ulikuwa umepigwa mara mbili.

"Leah, umefanya nini?"

"Nimefuta mtu, mama."

"Mmoja?"

"Sijui. Mistari ni arobaini na moja."

Hakunipigia kelele. Alisema, "Basi arobaini bado wanatembea. Inuka."

Tulienda kwa daktari mkuu. Muuguzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, kofia yake mapajani. Nilisema yote mbele yake, nikiwa nimesimama. Nilitaka kusema "tulikosea", nikasikia mdomo wangu unasema "nilikosea", nikaacha iwe hivyo. Daktari mkuu alimwambia muuguzi aende akanywe maji. Kisha akaagiza wodi zote zipigiwe simu: dawa isitolewe kwa mgonjwa yeyote kabla hajaulizwa kwa mdomo. Dennis akaambiwa kufuli lirudi kabla ya jioni.

Hapo ndipo palipotokea hatari ya pili, na hii ndiyo ninayotaka muishike kuliko zote. Kufuli likiondolewa kabisa na kutengenezwa upya, mashine inakagua yote, na haikubali kama kuna mistari isiyo na mwenyewe. Dennis alijaribu, ikamkatalia. Akajaribu tena, ikamkatalia. Shati lake lilikuwa limeshika mgongo.

"Ni hii mistari arobaini na moja," alisema. "Haina watu. Ni takataka tu. Natoa, kufuli inakubali, tunamaliza."

Alikuwa ameshaandika amri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mama Akinyi aliweka mkoba wake juu ya kibodi, mkoba mzito ule wenye mwavuli na Biblia ndani. Herufi zikajaa kwenye kioo.

"Mama, utaharibu!"

"Niharibu nini zaidi? Unasema haina watu. Esther hakuwa mtu?"

"Lakini sistimu haiwezi kujua ni za nani."

"Sistimu haijui. Wewe hujui. Hiyo ni sababu ya kufuta? Dennis, mwanangu, wewe ukipotea sokoni mama yako atakufuta?"

Dennis alicheka kidogo, kisha macho yake yakajaa maji. Alikuwa na umri wa kijana wangu wa pili. Aliondoa kidole. Alinakili mistari yote kwenye jedwali la pembeni, akaichapisha kwenye karatasi, akanipa. Nakala ya akiba isingetusaidia. Ilikuwa moja tu, na kila Jumatano mpya iliandikwa juu ya ile ya zamani. Na mimi sikuwa nimeandika popote namba ipi niliifuta ikaingia kwenye ipi.

Majalada yana namba zake nyingine, kwa hiyo zilibaki kadi ndogo za majina, zilizobeba namba ya jalada na ya kompyuta. Zilikuwa stoo, kwenye droo za mbao, zimefungwa kwa kamba zikingoja kupelekwa kuchomwa. Hazikupangwa kwa namba, zilipangwa kwa majina, kwa hiyo kutafuta namba arobaini ilibidi kusoma kila kadi. Mama Akinyi alisoma, mimi nilisoma, muuguzi wa asubuhi akaja bila kuitwa akavuta droo akakaa sakafuni. Kila mmoja akipata alitaja namba, na Dennis akatafuta kama mtu huyo amelazwa.

Saa saba na nusu tulikuwa tumepata kumi na tisa, na hakuna aliyekuwa wodini. Nilianza kupumua. Kisha muuguzi akataja namba nyingine, jina Rono, mwalimu mstaafu, dawa za salfa. Dennis akatazama mashine akasema, "Huyu yuko wodi ya wanaume. Dawa zake ni saa nane." Akasoma jina la dawa, na muuguzi akasimama ghafla.

Simu ya wodi hiyo haikuita. Ilikuwa imekufa na mvua ya juzi, na daktari alipoagiza wodi zipigiwe, wodi hiyo haikupata habari. Nilikimbia. Mimi si mtu wa kukimbia. Korido ilikuwa imepigwa deki, nikateleza penye kona nikaanguka kwa goti, nikainuka. Mwalimu Rono alikuwa amekaa kitandani, vidonge viwili kiganjani, glasi ya maji mkono wa pili.

"Mwalimu, usimeze!"

Alinitazama juu ya miwani. "Mama, miaka thelathini nimekataza watoto kukimbia kwenye korido."

"Hizo dawa zinakukataa."

"Najua kuna moja inanikataa. Niliuliza kama ni hizi. Wakasema kompyuta ingejua." Alivimimina vidonge kwenye mkono wangu, kimoja kimoja, kama chaki. Niliketi kwenye kitanda cha jirani yake nikishika goti, na jirani akasema, "Karibu, lakini hiki kimelipiwa."

Kufikia Jumatatu tulikuwa na thelathini na tisa. Wengi walikuwa kweli wameandikwa mara mbili, mistari yao tukaielekeza kwenye namba zilizobaki. Wa mwisho nilimfuata kwa pikipiki mpaka nyuma ya Kabianga, bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili, na nilimkuta anakamua. Nilipomweleza, hakuinua kichwa. Alisema ameandika jina la hiyo dawa ndani ya jalada la Biblia yake tangu siku aliyoona tunashusha kompyuta kutoka kwenye gari. "Nilijua mtaipoteza," alisema, akaniagiza nimshikie ndama. Nikamshika.

Nilimrudisha Esther wa Daudi kwenye jedwali la wagonjwa kwa namba yake ya zamani, nikaandika amefariki, na sasa kufuli lilikubali. Niliuliza lile swali langu na mashine ikajibu sifuri. Dennis alinipa mkono. Lakini sifuri ina maana ndogo kuliko mnavyodhani. Inasema tu kila mstari umeelekezwa kwa mtu aliyepo. Haisemi ni mtu wake. Na mstari ambao haukuandikwa namba yoyote unapita pia, kufuli haliuoni. Siku ile, siku za kliniki na vipimo vyote vya Esther wa Daudi vilikuwa chini ya jina la Esther wa Joel, na kwa mashine hapakuwa na kosa lolote. Hakuna swali ambalo lingenionyesha hilo. Ilibidi kumuuliza Esther wa Joel mwenyewe.

Alikuja wiki mbili baada ya mazishi, mtoto mgongoni. Mtoto hakuwa wake. Nilimpeleka chumba cha ndani nikafunga mlango, nikamweleza jinsi lilivyotokea, na kwamba ni mimi niliyebonyeza. Daktari mkuu na mwenye mambo ya sheria walikuwa wameshaenda Silibwet kuwaeleza wazee, lakini hawakutaja jina langu. Nilitaja mwenyewe.

Hakulia. Aliuliza, "Ulitufanya mmoja?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya simu?"

"Simu, na jina, na mwaka."

"Mimi nina kovu hapa," alisema, akagusa shavu. "Yeye alikuwa mrefu. Mtu yeyote angeona."

Nilifungua namba ya Esther wa Daudi niliyokuwa nimeirudisha, haikuwa na siku hata moja ya kliniki. Kisha tukaanza kutenganisha. Nilisoma kila siku ya kliniki, yeye akasema ya nani. "Hiyo ni yangu." "Hiyo yake." "Hiyo yake, mimi nilimsindikiza tu." "Hiyo sijui. Tulikuja pamoja, tukakojoa kwenye vikopo viwili, tukacheka." Hiyo niliiweka kando, nikaandika haijulikani, na mpaka nilipostaafu haikujulikana. Kazi ilichukua muda wa masaa mawili. Mtoto aliamka, akalia, akanyonyeshwa, akalala tena.

Tulipomaliza niligeuza kioo ili aone: majina mawili, kila moja na yake chini. Alisoma polepole. Akafunga leso, akasema asante kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mtu usiyemjua, akaondoka.

Mwezi uliofuata alirudi na mtoto kwa chanjo. Kwenye dirisha langu la kuandikisha wagonjwa hapakuwa na mtu hata mmoja. Kwa mwenzangu kulikuwa na watu wanane. Aliniona, nikamwona. Alienda kusimama nyuma ya wale wanane.